Weka Chini Ulichoshika

Soweto, Moshi
9 Juni 2025

Babu Sirili,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Utashangaa kupata bahasha kutoka kwangu, maana mara ya mwisho kuonana nilikuwa darasa la pili. Mimi ni Herieth, binti wa Anaeli, mjukuu wa kaka yako Augustino wa Kibosho. Loveness, yule mama anayekuja huko Sanya Juu kuchukua viazi, ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi simu hupokei kwa sababu ya masikio, lakini barua unasoma na kujibu. Kwa hiyo nimemkabidhi barua hii pamoja na kishikwambi. Ukikiwasha utaona duara la kijani. Liguse. Ni Babu Augustino anazungumza na wewe. Kila anachosema kinaandikwa pia chini ya picha, kwa hiyo masikio yasikutie wasiwasi.

Naomba nieleze kidogo ilivyokuwa. Mimi na mwenzangu Anwar tunatengeneza kamera, kwenye chumba cha uani kwao hapa Soweto. Kamera yetu haihitaji mpiga picha. Unaiweka mezani, unakaa mbele yake, nayo inakutazama na kukuelekeza kwa sauti: sogea kulia kidogo, geuza kiti, inua uso. Sauti ni ya Shamsia, shangazi yake Anwar, tuliyemrekodi chumbani kwake tukiwa tumesimamisha magodoro pande zote ili kelele za barabarani zisiingie. Tumeitengeneza kwa ajili ya wazee wanaotaka kuacha maneno yao. Tulitaka wayaseme wakiwa peke yao, bila mjukuu kusimama mbele yao na simu huku akiwaharakisha.

Babu alivunjika nyonga mwezi wa tatu. Sasa anafika mlangoni na kurudi. Nilimwachia kamera wiki mbili aijaribu, na siku nilipoifuata akaniambia humo kuna maneno ya kupeleka Sanya Juu. Najua kuna jambo kati yenu, ila nyumbani halitajwi. Nimeyatazama ili kuhakikisha yameshika vizuri, unisamehe kwa hilo. Sijawahi kumsikia Babu akisema "nilikosea". Nililia. Na picha yenyewe imetoka safi mno, hata mshono wa kola unauona.

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Mjukuu wako,
Herieth


Sanya Juu
15 Juni 2025

Mjukuu wangu Herieth,

Marahaba. Milele, amina. Nakukumbuka vizuri. Ulikuwa mtoto wa kuchambua maharage kwenye sahani ukiyatenga na mahindi, na bibi yako akikuacha tu.

Nimemtazama kaka yangu mara tatu. Mke wangu Dominika amemtazama mara moja akaenda zake jikoni. Picha ni nzuri, sina ubishi. Amekaa wima, uso juu, mikono mitupu juu ya magoti, macho yananitazama moja kwa moja. Anasema alikosea siku ya mazishi ya mama, anaomba yaishe. Mwishoni anatabasamu. Ningekuwa sijui Kiswahili ningedhani anagombea udiwani.

Kwa kuwa nyumbani hawakuambii, nitakuambia mimi. Mama yetu alifariki Jumanne, Novemba 2007. Mimi nilikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya miwa kule Kilombero. Nilipanda basi siku iliyofuata, likatuharibikia Korogwe. Nikaazima simu ya abiria mwenzangu, nikamtumia kaka ujumbe: nimekwama, nafika Ijumaa asubuhi, nisubirini. Labda ujumbe haukumfikia, simu za wakati ule tunazijua. Nilifika Ijumaa saa nne. Udongo ulikuwa bado umelowa. Walizika Alhamisi jioni. Nikiwa nimesimama pale na begi begani, kaka akasema mbele ya watu wote: "Asiyefika kwa wakati hana mama." Niligeuka na begi langu. Kihamba kile, shamba la wazee wetu, sijakikanyaga tena.

Sasa, wewe ni mtoto wa mjini, lakini isale unaijua. Kwetu aliyemkosea mwenzake hamtumii maneno matupu. Anachuma jani la isale, analipiga fundo, analishika kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, ndipo anasema. Hata mtu aliyeapa hawezi kulikataa. Pale kwa Augustino isale imezunguka mpaka mzima wa shamba. Hakukosa jani. Miaka kumi na minane hajanitumia mzee hata mmoja na isale, na siku aliyoamua kusema, amekaa kama afisa, uso juu, hana kitu mkononi. Huyo hakuomba radhi. Alitangaza.

Kishikwambi nakirudisha kwa Loveness. Nimekifuta vumbi.

Babu yako,
Sirili


Soweto, Moshi
19 Juni 2025

Babu Sirili,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua habari za mazishi. Pole sana Babu.

Lakini nakuomba umfikirie na yeye. Ana miaka themanini na mmoja, anatumia dawa za maumivu zinazompa usingizi mchana. Labda alisahau kuchuma jani. Labda hakuwa na mtu wa kumchumia, maana uani kuna mteremko na hawezi kushuka peke yake. Na hilo la kukaa wima, wazee wengi wakiona kamera hujinyoosha wenyewe. Tusimhukumu kwa ajili ya jani. Maneno yake yalikuwa ya kweli, nimeyasikia.

Nikimwuliza umesemaje, anasema tu, "Nilisema niliyosema. Amejibu?" Nimemwambia bado. Anakaa kwenye kiti pale mlangoni akitazama njia.

Wiki ijayo tarehe 27 tuna wageni kutoka Arusha wanaotaka kuiona kamera yetu. Tuombee.

Mjukuu wako,
Herieth


Sanya Juu
25 Juni 2025

Herieth,

Marahaba.

Mtu wa Kibosho anaweza kusahau jina la mkewe, isale hawezi kuisahau. Na kama alikosa wa kumchumia, wewe si ulikuwa unakwenda?

Kwa miaka kumi na minane nilikuwa na kaka ambaye hajaniomba radhi. Hiyo nilishaizoea, naamka nayo, nalala nayo. Sasa umeniletea kaka aliyeniomba radhi kwa dharau, na hiyo inauma upya. Najua hukukusudia. Lakini usiniandikie tena habari hii. Ukitaka kuniandikia habari za kamera yako, za masomo, za mchumba, karibu.

Mwambie nimejibu.

Sirili


Soweto, Moshi
6 Julai 2025

Babu Sirili,

Shikamoo. Ulinikataza nisiandike tena habari hii, nami nakuvunjia heshima kwa kuandika. Nisome mpaka mwisho halafu uamue.

Siku niliyokuandikia kwamba labda Babu alisahau, nilikuwa nimeshajua kwamba hakusahau. Nilikudanganya.

Kamera yetu hutunza majaribio yote kabla ya ile picha ya mwisho. Jioni ile ile nilipopata barua yako ya kwanza niliyafungua. Nakunukulia kama ilivyo. Sauti ni ile ya Shamsia.

Saa nne na dakika kumi na mbili, Babu amekaa. Ameshika isale, imepigwa fundo, kwa mikono miwili, usawa wa kidevu. Kichwa ameinamisha. Anaanza kusema Kichagga.

Kamera: "Tafadhali inua uso wako."

Anainua, anatazama huku na huku kama anayetafuta aliyesema, anainama tena. Anaendelea.

Kamera: "Kuna kitu kinaziba uso. Tafadhali weka chini ulichoshika."

Analishusha jani mpaka magotini. Hajaliachia.

Kamera: "Tafadhali weka chini ulichoshika."

Babu anajibu kwa Kichagga. Anasema, "Hiki hakiwekwi chini." Anaiambia kamera, Babu, kwa heshima kabisa, kama unavyomweleza mgeni.

Kamera: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali ongea Kiswahili. Tafadhali weka chini ulichoshika."

Imemwambia mara sita. Nimehesabu. Mara ya sita amelilaza jani mezani, nje ya picha. Kamera ikamwambia, "Vizuri sana. Kaa wima. Tazama hapa." Ndipo akayasema yale uliyoyasikia, kwa Kiswahili, dakika nne tu. Na alipomaliza ikamwambia, "Tabasamu kidogo." Akatabasamu.

Maneno yale yote niliyaandika mimi. Anwar alishughulika na waya na lenzi, maneno ni yangu. Wakati wa majaribio watu walikuwa wanakaa na simu mkononi, na funguo, na mama mmoja, Dainess, alikaa na kisu chake cha kumenyea ndizi. Nikaona dawa ni kuwaambia waweke chini. Nilijipongeza. Mimi, niliyezaliwa hapa, niliyeona isale ikipokelewa ukumbini kwetu nikiwa mtoto, sikufikiri kwamba kuna siku mtu atashika kitu mbele ya kamera kwa sababu hicho ndicho anachosema.

Nilikaa kimya kwa sababu ya wageni wa Arusha. Niliogopa habari itoke kwamba kamera yangu imevuruga suluhu ya ndugu. Wageni walikuja, wakaipenda. Mmoja akauliza, je, mtu anaweza kuikatalia? Nikasema ndiyo. Anwar akanitazama. Sikuwa na usingizi siku zote hizo.

Kwa hiyo aliyekuomba radhi mikono mitupu ni mimi, si yeye. Kosa ni langu. Picha ya majaribio ipo, ukitaka nitaituma. Kichagga changu ni cha kuokota nusu nusu. Nimesikia jina lako na neno mama, mara nyingi, mengine yamenipita.

Nisamehe Babu.

Herieth


Sanya Juu
12 Julai 2025

Mjukuu wangu Herieth,

Marahaba.

Nilipofika pale "hiki hakiwekwi chini" nilicheka mpaka Dominika akatoka jikoni na mwiko. Augustino akibishana na sanduku. Nikamsomea, naye akacheka, halafu akakaa chini akajifuta macho na kanga. Hukosei kufikiri kwamba na mimi nilijifuta.

Wewe nimekusamehe, na usijipige sana. Kudanganya kulikuwa kubaya kuliko kamera, hilo nalisema mara moja na sitalirudia. Lakini uliandika mwenyewe, hukungoja kukamatwa.

Nikupe habari moja itakayokusaidia kazini. Zamani pale Moshi mjini kulikuwa na mpiga picha akiitwa Mikidadi. Ukiingia studio kwake hakugusa kamera kwanza. Alikuuliza, "Picha hii inakwenda kwa nani?" Ukisema kwa mchumba, alikukalisha hivi. Ukisema kwa mama, alikufunga kifungo cha juu. Ukisema kwa mkuu wa kazi, alikwambia uinue uso. Mimi niliwahi kumwambia ni ya kwenda kwa kaka yangu, akaniambia, "Basi simama unavyosimama." Mashine yako inajua kuelekeza, haijui kuuliza.

Sasa kuhusu kaka yangu. Usinitumie hiyo picha. Jani la kwenye picha ni picha ya jani, na Kichagga chake sitaki kukisoma kwenye maandishi ya mashine isiyokijua. Lakini tangu Loveness anipe barua yako nimekuwa nikifanya kazi zangu huku nikisikia lile jibu lake. Alibisha mara tano kabla ya kukubali. Sikutegemea kwamba angebisha hata mara moja.

Hiyo nusu iliyokupita ndiyo ninayoitaka. Mwulize mwenyewe.

Babu yako,
Sirili


Kibosho
20 Julai 2025

Mdogo wangu Sirili,

Naandika kwa mkono wangu, Herieth amekaa nje na nimemwambia asiingie. Ukiona mistari inapanda ujue ni macho.

Mtoto huyu amekuja leo na kamera yake amebadilisha maneno. Sasa ukikaa inakuuliza kwanza: unamwambia nani, na unataka kumwambia nini? Halafu inanyamaza. Nilikaa mbele yake. Nikasema, namwambia mdogo wangu. Ilipouliza lile la pili nikaizima, nikaomba karatasi.

Wiki iliyopita Herieth alinililia kwamba kamera yake iliniharibia. Nimemwacha aamini hivyo wiki nzima, na hiyo ni dhambi nyingine. Nataka wewe ujue kweli. Mimi nilimfukuza bwana shamba hapa alipotaka ning'oe kahawa ya baba, nikamfukuza na mwenyekiti aliyekuja kumsemea. Kisanduku cha mezani ningeshindwa kukiambia hapana? Mara tano nilibisha. Mara ya sita nilishukuru. Nililiweka jani chini nikasikia mwili umekuwa mwepesi, nikasema yale mafupi, nikafurahi kwamba yamekwisha. Mwenye isale mkononi hawezi kusema nusu, na mimi nilikuwa na nusu niliyoizuia.

Nusu yenyewe ni hii. Ujumbe wako kutoka Korogwe niliupata. Niliusoma Alhamisi saa tatu asubuhi, nikaizima simu. Watu wakaniuliza tumsubiri Sirili? Nikasema hakuna habari zake.

Nilimwuguza mama miezi saba. Nilimgeuza, nilimwogesha, nilimlisha mtori kwa kijiko. Siku tatu za mwisho alikuwa haoni vizuri. Kila nilipoingia aliita jina lako. Sirili umekuja? Namwambia ni mimi Augustino. Kidogo anaita tena, Sirili umekuja? Siku tatu. Jina langu hakulitaja. Alikufa akiwa ameushika mkono wangu akidhani ni wako, na mimi sikumsahihisha tena. Ulipofika pale na begi lako nilikuwa nimejaa hasira, nikasema lile neno. Halikuwa la kweli. Ungekuwa huna mama asingekuita.

Nimekuchukulia mazishi, na nimekuchukulia hilo la kuitwa, nikakaa nalo peke yangu miaka yote hii. La pili ndilo baya zaidi.

Isale sikuiweka ndani ya bahasha. Ingekuwa rahisi, bahasha ingefungwa vizuri tu. Lakini isale haikataliwi, na mimi nataka uwe na nafasi ya kukataa.

Kaka yako,
Augustino


Sanya Juu
23 Julai 2025

Kaka Augustino,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma peke yangu nyuma ya nyumba. Nimekasirika, usidhani sikukasirika. Nimetembea mpaka barabara kuu na kurudi, Dominika akinitazama tu. Uliusoma ujumbe wangu ukaizima simu. Hilo nitakuja nalo, na utanisikiliza mpaka nimalize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Lakini nikuambie na mimi nusu yangu. Miaka kumi na minane sikuchukia mazishi. Mtu akichelewa anazikiwa, dunia ndivyo ilivyo. Nilichochukia ni kwamba nililiamini lile neno lako. Nilidhani mama aliniulizia mara moja, akaambiwa nipo kwenye miwa, akakata tamaa, akafa akiwa na mtoto mmoja. Nimekwenda nalo kanisani, nimelala nalo, nimewalea watoto wangu nikiwa nalo. Na wewe siku zote hizo ulikuwa unajua kwamba ananiita.

Ni kweli ni baya zaidi. Ila umenipa.

Nitafika Jumamosi, Dominika atakuja na mimi. Tutapanda gari la Loveness, ameshakubali kupitia Kibosho kwanza kabla ya kupeleka viazi vyake mjini. Usihangaike kutoka nje na hiyo nyonga, kaa hapo mlangoni nikukute. Nionyeshe tena alipolala mama. Halafu tukae mimi na wewe, uniambie taratibu, kwa sauti yake kama bado unaikumbuka, alivyokuwa akiniita.

Mdogo wako,
Sirili